Barua ya Krismasi imenikwama mkononi, niwaandikie nini marafiki wa mbali?

Mpendwa Mshauri,

Bwana asifiwe. Mimi ni mchungaji wa kanisa dogo. Kila mwaka Krismasi inapokaribia huwaandikia marafiki walio mbali barua moja ndefu ya salamu na habari za kanisa. Desturi hii ilianza tulipomaliza chuo cha theolojia, kila mmoja akaenda kituo chake, tukaahidiana tusipoteane. Leo wanaoipokea ni wengi: wenzangu wa chuo, ndugu, waumini waliohama, wazee waliotulea tulipoanza huduma, na watu ambao kwa miaka wamekuwa wakituma mchango kwa ajili ya kazi ya vijana. Wengine sijaonana nao tangu watoto wangu wakiwa wachanga. Wanatujua kwa barua hiyo tu.

Wanaipenda. Mama mmoja mjane aliniambia kwamba siku ya Krismasi huwasomea wanawe mezani kabla ya kula. Huwa naeleza waliobatizwa, waliofunga ndoa, waliolala katika Bwana, kwaya imefikia wapi, watoto wetu wako darasa gani. Mwishoni naweka maombi na picha ya familia.

Mwaka huu nimeshindwa kuiandika. Mchungaji msaidizi aliondoka na sehemu kubwa ya waumini, wakaanzisha kanisa lao. Sitaki kukueleza nani alikosea, maana mimi nina maelezo yangu na yeye ana yake. Ila walioondoka ni watu niliowabatiza, niliowafungisha ndoa, niliowazikia wazazi wao. Jumapili iliyofuata viti vya upande wa kushoto vilikuwa vitupu, nikahubiri nikitazama kulia tangu mwanzo hadi mwisho.

Nyumbani nako kuna mambo. Mke wangu anaumwa. Daktari amesema ni sonona. Ameanza matibabu na anapata nafuu polepole, lakini si kila Jumapili anaweza kuja ibadani, na watu wanauliza. Kijana wetu mkubwa, ambaye marafiki hawa wamesoma habari zake tangu siku aliyozaliwa, ametuambia kwa heshima kabisa kwamba hataki tena kuja kanisani. Hatujagombana. Tunakula pamoja, anamsaidia sana mama yake, ila Jumapili anabaki nyumbani.

Basi nimekaa na karatasi. Aya ya salamu imetoka bila shida. Nikifika kwenye habari za kanisa, mkono unasimama. Mema yapo, na sitaki kumnyima Mungu sifa zake. Waliobaki wanapendana kuliko zamani, vijana wamejitolea kutembelea wagonjwa, mkesha wa Krismasi unaandaliwa. Lakini nikiandika hayo peke yake, kila neno litakuwa kweli na barua nzima itakuwa uongo.

Mke wangu ameniambia, "Mimi usiniweke humo. Sitaki ugonjwa wangu usomwe kwenye meza za watu." Namwelewa. Lakini kila mwaka aya inayomhusu ndiyo watu huitafuta kwanza, na nikiiacha watauliza. Mhazini wetu naye ameniomba, kwa nia njema, nisitaje mgawanyiko, kwa sababu wafadhili wakisikia watasitisha mchango na watakaoumia ni vijana. Kisha mwenzangu wa chuo, ambaye hajui lolote, akanitumia ujumbe: "Naisubiri barua yako. Mwaka wangu umekuwa mgumu, na habari za nyumba yako hunitia moyo." Hapo ndipo niliishiwa nguvu.

Nimewaza nisiandike kabisa mwaka huu. Siku nyingine nawaza niandike yote, kila kitu, nitue mzigo. Naomba mawazo yako.

Mchungaji Mwenye Kalamu Nzito

*

Mchungaji mpendwa,

Pole. Pole kwa waumini waliokwenda, pole kwa ugonjwa wa mama mchungaji, na pole kwa yote uliyoyabeba huku ukiendelea kupanda madhabahuni kila Jumapili. Nimeirudia barua yako mara kadhaa, na kila mara nasimama pale ulipohubiri ukitazama upande mmoja. Naomba nikuulize kabla hatujaigusa barua ya Krismasi. Hilo umemwambia nani? Katika yote uliyoandika simwoni mtu aliyekaa nawe akakusikiliza. Mkeo anaumwa, kijana ana njia yake ya kutafuta, mhazini anawaza hesabu, mwenzako wa chuo anangoja umtie moyo. Nadhani sehemu ya uzito wa barua hii ni kwamba imebaki mahali pekee ambapo ungeweza kusema "nimeumia". Barua inayokwenda kwa watu wengi kwa pamoja haiwezi kukupa bega la kulilia. Mchungaji mwenzako, kiongozi aliye juu yako au mshauri asiyehusika na kanisa lako anaweza, na natamani umpate mmoja kabla hujaandika mstari mwingine.

Nikikusikia vizuri, unaona una njia mbili tu: kuonyesha mema na kuwa mwongo, au kueleza machungu yote na kuwaumiza mkeo, vijana na mwenzako. Katikati ya njia hizo mbili naona nafasi kubwa kuliko unavyoiona wewe sasa hivi ukiwa umechoka.

Umesema kila neno laweza kuwa kweli na barua nzima ikawa uongo. Ni neno zito na silipingi. Ukiandika kwamba kanisa linasonga kwa kishindo, au ukaweka picha ya zamani yenye viti vilivyojaa, utakuwa umewajengea watu nyumba isiyokuwepo. Lakini kutoeleza jambo ni tofauti na kulikana. Ukiandika, "Mwaka huu umekuwa mgumu kwetu, kanisani na nyumbani, na si yote ninayoweza kuyaeleza hapa," umedanganya nini? Msomaji ameambiwa kuna uchungu, na ameambiwa kwamba habari yake yote hataipata katika barua hii. Hajapotoshwa.

Wewe unazijua nyaraka za Paulo kuliko mimi, kwa hiyo nivumilie nikikukumbusha ulichokwisha kukihubiri. Mwanzoni mwa 2 Wakorintho anasema waziwazi kwamba huko Asia, jimbo la Kirumi katika Uturuki ya leo, walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Hafichi ukubwa wa maumivu. Lakini kilichotokea hasa hakusema, na wafasiri wanabishana mpaka leo. Anapowaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, anataja minyororo yake, anaeleza kwamba Epafrodito, mjumbe wao, aliugua karibu na kufa, anashukuru kwa mchango waliomletea, na anawasihi Euodia na Sintike, wanawake wawili wa kanisa hilo, wapatane. Wale waliokuwepo walijua ugomvi ulikuwa wa nini. Sisi hatujui, kwa sababu hakuueleza. Kwa Wakolosai anafanya jambo lingine tena: anasema habari zake zote Tikiko ataziwasilisha. Yapo mambo aliyoyaacha yasemwe kwa mdomo, na mtu anayeaminika, mbele ya watu wanaoweza kuuliza na kujibiwa. Habari ya Dema, mwenzake wa huduma, kumwacha tunaisoma katika barua kwa mtu mmoja, Timotheo, ile ile ambamo anaomba aletewe joho lake na vitabu, na kusihi Timotheo aje kabla ya wakati wa baridi.

Naona humo kipimo kinachoweza kukufaa. Uzito wa jambo unaweza kuwaambia watu wengi, na undani wake ukawapa wachache.

Dietrich Bonhoeffer, yule mchungaji wa Ujerumani, alipita njia inayofanana. Mwaka 1937 Gestapo, polisi wa siri wa utawala wa Hitler, waliifunga seminari aliyokuwa akiiongoza huko Finkenwalde, na wanafunzi wake wakatawanyika. Akaendelea kuwaandikia barua za pamoja ili wasipoteane, na vita vilipoanza barua hizo zilibeba pia majina ya wenzao waliouawa. Zilikuwa barua za kweli, zenye huzuni ndani yake. Hata hivyo Krismasi ya 1942 aliandika tafakuri ya miaka kumi iliyopita chini ya utawala ule, na hiyo aliwapa marafiki wachache sana wa karibu. Miezi michache baadaye, Aprili 1943, alikamatwa. Hatari yake haikuwa kama yako, sikufananishi naye kwa hilo. Ninachokitazama ni kwamba alikuwa na barua ya wengi na barua ya wachache, na hilo halikumfanya kigeugeu.

Labda na wewe una barua mbili, au hata tatu, zilizosongamana kwenye karatasi moja. Ipo salamu ya sikukuu. Ipo taarifa kwa wanaochangia. Ipo sauti ya mtu anayehitaji kushikwa mkono. Huko nyuma, mambo yalipokuwa shwari, karatasi moja ilizibeba zote bila shida. Mwaka huu zinagombana.

Tuanze na wafadhili, kwa sababu hapo mhazini wako ana hoja na pia nina wasiwasi naye. Hoja yake naiheshimu: vijana hawana kosa. Lakini mtu anayetoa fedha kwa ajili ya kazi fulani ana haki ya kujua lolote linaloigusa kazi hiyo. Kama waliokuwa wakiwalea vijana wameondoka, au idadi ya vijana imepungua, au mpango umebadilika, hilo linawahusu, na mahali pake ni taarifa yao peke yao, yenye hesabu, iliyopitiwa na wazee wa kanisa. Meza ya yule mjane si mahali pake. Na je, mmejiuliza kama wafadhili hawajasikia tayari? Walioondoka nao wana simu, na bila shaka wapo kati yao wanaofahamiana na watu hao hao unaowaandikia. Wakisikia kwingine kwanza, kisha wakapokea kwako barua isiyogusa jambo, swali lao halitakuwa tena juu ya mgawanyiko. Litakuwa juu yako. Ukiwaambia, wapo wanaoweza kusitisha mchango, siwezi kukuahidi kinyume. Ila kumbuka kwamba wewe na mhazini mnapima hofu mbili, na hata sasa hakuna aliyewauliza wafadhili wenyewe.

Kuhusu namna ya kuwataja walioondoka, nakuomba sana uandike ukijua watasoma. Watasoma kweli. Barua ya namna hii hupigwa picha na kusambazwa kwenye WhatsApp jioni ile ile. Sentensi kama "Sehemu ya waumini wetu wameondoka kuanzisha kanisa lingine, tunawakosa, na tunawatakia heri" hata wao wanaweza kuisoma bila kuumia. Ukiongeza "tuombeeni, adui ameingia", au "ombeni Mungu awafungue macho", ombi limekwisha kuwa mashtaka. Ninyi wachungaji mnaijua sala ya aina hiyo, mmeisikia katika vikao vingi. Ukiwa umeumia ni rahisi iponyoke.

Sasa mama mchungaji. Amesema hapana, na ugonjwa ni wake. Sidhani swali lililobaki ni kama utamheshimu, kwa sababu naona tayari unamheshimu. Swali ni ulichomuuliza. Je, ulimuuliza kama ungeweza kueleza ugonjwa wake, au ulimuuliza angependa marafiki wasikie nini kutoka kwake? Hayo ni maswali mawili. Huenda angependa jina lake liwe kwenye salamu tu, bila aya. Huenda angeandika mstari mmoja mwenyewe. Au asingependa chochote, na hapo aya inaachwa. Kila njia ina gharama yake: ukiandika tu kwamba anawasalimu, rafiki wa karibu atahisi kuna kitu na kupiga simu, usipomtaja kabisa, watapiga wengi. Lakini leo akichagua kunyamaza, mwakani anaweza kusema. Kilichokwishatumwa hakirudi. Nafurahi kwamba ameanza matibabu, na ningefurahi zaidi nikijua kwamba hakuna anayemfanya aone kutokuwepo kwake ibadani ni upungufu wa imani. Sonona ni ugonjwa, unatibika, na mara nyingi hauendi kwa ratiba ya sikukuu.

Kijana wenu je? Umeniambia maneno ya mkeo, ya mhazini na ya mwenzako wa chuo. Ya kijana kuhusu barua hii sikuyaona. Amekuwa ndani ya barua zako tangu kuzaliwa, jambo la kawaida kwa mtoto wa mchungaji, lakini sasa ni mtu mzima na habari ya imani yake ni yake mwenyewe. Ukiwaeleza marafiki, hata kwa upole, wapo watakaomwandikia mawaidha kwa upendo mtupu, na ule utulivu mlionao nyumbani, ambao wazazi wengi wangeutamani, unaweza kuvunjika. Usipowaeleza, halafu ukamweka pichani mbele ya kanisa amevaa nguo za ibada, umemsemea pia. Muulize. Muulize kama anataka kuwa pichani, na picha ikose kabisa kama hamkubaliani.

Umetaja pia kutoandika. Naona mvuto wake; umechoka, na si dhambi kuruka mwaka. Lakini waliozoea sauti yako wataisikia hata usipoandika, kimya kingi kina mshindo mkuu, na yule mama mjane atafungua simu yake siku ya Krismasi na kukuta hakuna kitu. Kuna njia moja ndogo ambayo hukuitaja. Krismasi inahitaji salamu, haidai habari. Unaweza kutuma mistari michache ya heri na baraka sasa, ukasema barua yenyewe itakuja baadaye, baada ya Mwaka Mpya au hata wakati wa Pasaka, mkeo akiwa amepata nguvu zaidi na wewe ukiwa umepata mtu wa kuzungumza naye. Ubaya wake ni kwamba unaahirisha, na linaloahirishwa wakati mwingine hukua. Wewe ndiye unayejua kama kungoja kunakupa pumzi au kunakuongezea hofu.

Kumwaga yote nako kunavuta, hasa usiku. Ninachohofia ni asubuhi yake. Waumini waliobaki, wale wanaopendana kuliko zamani, watajisoma humo. Wenye upendo lakini wasio na busara watakutumia ushauri usiouomba. Na mkeo atajikuta ameingizwa kwa mlango wa nyuma, maana huwezi kueleza yote ya mwaka wako bila kumgusa yeye.

Nimemwacha mwenzako wa chuo nyuma kwa makusudi. Uliuchukua ujumbe wake kama deni: anangoja nuru, na wewe huna. Hebu usome tena. Amekuambia mwaka wake umekuwa mgumu. Kati ya watu wote uliowataja, huyu ndiye aliyefungua mlango, na amefungua bila kujua uko upande wa pili. Je, una hakika kwamba kinachomtia moyo katika barua zako ni mafanikio? Inawezekana ni kusikia tu mtu anayemfahamu akisema naye kwa ukweli. Inawezekana pia ninakosea, na kwamba mwaka huu hana nguvu za kubeba la mwingine. Wapo watu wa namna hiyo na hawana ubaya. Njia ya kujua ni kumpigia simu kabla barua haijatoka, na kumsikiliza yeye kwanza.

Na jambo hili watu husahau kulipanga. Ukiandika mstari hata mmoja kuhusu ugumu, majibu yatakuja mengi: simu, jumbe, maswali, na mtu mmoja au wawili watakaotaka kuja kuwatembelea. Mkae wewe na mama mchungaji, na kijana akipenda, mkubaliane nani atasoma majibu hayo, nani atajibu, na ni kipi hamtajibu. Simu za kumuulizia mama zipokelewe na nani, mseme hilo mapema. Unaweza hata kuandika mwishoni mwa barua kwamba mtashukuru kwa maombi yao na mtasoma kila ujumbe, ila kwa sasa hamtaweza kujibu maswali. Marafiki wa miaka mingi hulielewa ombi kama hilo, na wale wasiolielewa mtawajibu polepole, baada ya sikukuu, kadiri mnavyopata nguvu.